Chupa Kumi na Mbili na Gunzi Moja

Dada Zubeda, shikamoo, ingawa meno yanagongana kwa baridi ya huku Iringa.

Siku tatu nimesimama mtoni kule Igawa, maji yakinifika magotini, malori ya Zambia yakinguruma juu darajani, nikikwangua ule utelezi wa kijani unaoota kwenye mawe. Nikajaza chupa kumi na mbili. Bosi wangu wa maabara anataka aina moja tu, ile inayong'ang'ania jiwe hata mto ukifurika, na kuitenga na nyingine ni kazi ya mwaka mzima.

Leo natoka kuoga, nakuta chupa zangu zinameta uani! Mwenyeji wangu wa hapa Ipogolo, Mama Salome, amezisugua kwa majivu na gunzi la hindi. "Mgeni wangu, ungerudi pwani na uchafu ule, wangesema Wahehe hatujui kupokea watu." Na anangoja nimshukuru!

Nilinuna hadi mchana. Ndipo akanionyesha chupa moja, kwa aibu. "Hii imenishinda, mwanangu. Nimetia hata mchanga." Utelezi umeshika chini vilevile, kijani kibichi. Dada, ndio wenyewe! Kazi yangu ya mwaka kaimaliza kabla uji haujaiva.

Nimeifungia sandukuni, ufunguo nimeuvaa shingoni. Nibusie watoto, na samaki wako wa kupaka nawaota kila siku. Nakatiza hapa: Mama Salome huyo anakuja, na gunzi jipya mkononi.

Mdogo wako,
Rehema