Baba wa Vesela

Walthamstow, London
9 Machi 2002

Bibi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na nakushika miguu. Natumai goti limepata nafuu. Sisi miili ni mizima. Uliwahi kuniambia kuwa barua isiyosema yote ni nusu barua, basi leo naapa sitaficha kitu.

Ghorofa ya juu anakaa Vesela, Mbulgaria wa darasa letu, pamoja na bibi yake anayenipa mkate wa jibini. Kiingereza cha Vesela bado kidogo. Watoto wa Mturuki mwenye duka hapo chini humwita baba yao “baba”, kama sisi, nami nikadhani watu wote wa pande zile husema hivyo.

Alhamisi nilipotoka skuli nilimkuta Vesela kwenye ngazi, analia. Alinishika mikono akasema polisi, gari, baba, baba! Sikuuliza baba wa nani. Bibi, tangu Baba aombe hifadhi hapa, kengele ya mlango ikilia tunazima televisheni.

Nilipomwambia Mama, aliacha chapati ikaungua. Aliniamrisha nizime taa, akaanza kukunja sweta la Baba, akisema huko walikomfungia kuna baridi.

Mara Baba mwenyewe akaingia na mfuko wa viazi, akauliza nani kafa, mbona giza na nyumba inanuka moshi. Mama akamjibu kuwa kafa yeye. Tulicheka mpaka machozi. Vesela alikuwa amesimama mlangoni, anatutazama.

Akaonyesha juu kwao, akirudia “baba”, ndipo tukafahamu. Kwao baba ni bibi. Aliyechukuliwa na polisi, kwa kukosa kibali cha kukaa, ni yule bi mkubwa, na ndara zake za ndani miguuni.

Mwalimu wangu, Bi Pramila, alinieleza kuwa neno hilo hudhaniwa limezaliwa midomoni mwa watoto wachanga. Kwa Waslavi wengi limemwangukia bibi, kwa Waturuki na sisi limemwangukia baba. Kila taifa, alisema, limempa yule anayekuja mtoto akilia.

Vesela analala kwangu mpaka shangazi yake afike. Akilia “baba”, nakufikiria wewe na Baba kwa pamoja.

Leo asubuhi Baba alinieleza alilokuwa akinificha: ombi letu limekataliwa. Mwanasheria atajaribu tena, nami sijakata tamaa. Baba alinikataza nisikwambie, presha yako isipande. Lakini nimekwisha kuapa.

Mama akusalimu sana. Nibusie binamu yangu Miska.

Bibi, nijibu upesi, hata kabla ya salamu: wale watu waliokuwa wakija kumuulizia Baba, bado wanapita mlangoni kwako?

Mjukuu wako,
Ibtisam Ameir