Kioo Chini ya Pua ya Samia

Mchinga, 10 Machi 1952

Mwanangu Pazi,

Salaam nyingi, na hali yako? Huku wazima, ila bibi yako Kijakazi anaumwa mgongo. Ulimi wake ndio hauumwi kamwe. Mchinga nzima inajua mwanangu ni dresa, msaidizi wa daktari hospitalini huko Lindi. Hata wasioniuliza nimewaambia.

Shida ni mdogo wako Samia. Ana miaka saba sasa, meno ya juu yanazidi kutokeza, uso unarefuka, mdomo wazi mchana kutwa. Unakumbuka alianza kuota ya juu, nami nikakataa mwanangu kuitwa kigego, mtoto wa mkosi. Sasa bibi yako anasema, "Ukigego umetoka wenyewe." Anataka Idi ikipita apelekwe Milola, akalelewe na watu baki. Baba yako kainamisha kichwa tu. Mtoto haendi! Akilala namfunga kidevu kwa kanga mdomo uzoee, lakini anahangaika, anaifungua. Nipe dawa.

Mama yako

Lindi, 19 Machi 1952

Shikamoo mama,

Mimi sijambo, alhamdulillahi. Kanga hiyo usimfunge tena! Samia hafanyi uzembe, nadhani pua imeziba. Mtoto akipumua kwa mdomo miaka na miaka, ulimi hukaa chini, taya la juu huwa jembamba, midomo haiyazuii meno, na uso hukua kwa urefu. Mkosi haumo.

Poza kioo kwa maji ya mtungi, ukikaushe. Afumbe mdomo kitambo kidogo tu, ukiweke chini ya pua. Pua iliyo wazi huacha ukungu. Kisha mlete kwa daktari.

Mwanao

Mchinga, 2 Aprili 1952

Mwanangu,

U hali gani? Kioo nimekiweka chini ya pua ya Samia, bibi yako akiona. Kikavu!

"Hata pumzi hana," akasema.

"Anayo, mama," nikamjibu. "Hana njia."

Alhamisi ijayo tunapanda lori. Mwambie daktari mama yake dresa anakuja.

Mama yako

Mchinga, 28 Juni 1952

Pazi wangu,

Idi njema, na afya yako? Kidonda cha zile nyama zilizoziba nyuma ya pua, alizokatwa na daktari huko, kimepona. Hakoromi tena, na kufumba mdomo namkumbusha mwenyewe, kila saa, kama ulivyoagiza.

Jana bibi yako alikuja na kitita cha nguo za Samia, safari ya Milola. Sikubishana. Nikapoza kioo, nikampa akishike yeye. Samia akafumba mdomo. Ukungu ukatanda kioo kizima.

Bibi akakitazama mbele na nyuma. "Lakini meno bado yako nje."

"Meno yako nje," nikamwambia, "mtoto atakaa ndani. Daktari kasema uso ungali unakua. Tutangoja."

Samia akamsogelea, akavuta hewa kwa pua. "Bibi! Kumbe unanukia karafuu?"

Miaka yote hiyo kalala ubavuni mwake, hakuwahi kujua. Bibi yako akakaa chini, akafungua kile kitita, akaanza kuzikunja nguo upya, moja moja, akizirudisha sandukuni.

Mama yenu, wewe na Samia