Wavu wa Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana maji yamenifika shingoni na Alhamisi haiko mbali. Mimi ni afisa uvuvi, na wiki iliyopita katika doria tulikamata wavu wa matundu madogo umetegwa kwenye mazalia tuliyoyafunga ili samaki wakue, umejaa vifaranga wasiofika hata urefu wa kidole, mwenyewe hayupo, ila karibu na hapo alikuwepo mvuvi tunayemwita Domo, jina la utani tu kwa sababu haongei, basi mkuu wangu akaamua wavu ni wake, boti yake ikafungwa mnyororo gatini mbele ya watu na leseni ikashikiliwa mpaka kesi isikilizwe, naye Domo akasema mara moja tu kwamba si wake.

Mshauri, wavu ule mimi naujua. Nilipoukunjua stoo niliona palipowahi kuchanika mafundo yamelala kinyume, na anayeshona hivyo kwetu ni mmoja tu, baba mkwe wangu, anatumia mkono wa kushoto, na ndiye aliyenifundisha kushona nyavu nilipokuwa namchumbia binti yake. Nikaenda kwake, lakini mkwe haulizwi ovyo, nikazunguka mbuyu weee, nikauliza afya, nikauliza kuku, mwishowe akasema mwenyewe bila kuniangalia, “Samaki wakubwa wameisha, mwanangu. Mlitaka nile sheria?”

Mke wangu nilipomweleza alilia, kisha akaniambia, “Siku ukimtaja baba, na mimi usinitaje tena.” Simlaumu, mzee alinipa mke nikiwa sina mbele wala nyuma. Sasa mkuu anataka Alhamisi nitoe ushahidi dhidi ya Domo, na jana nimemkuta mke wa Domo sokoni, yeye aliyekuwa akiuza samaki, ananunua vichwa, akanisalimia kwa heshima kama siku zote. Je, ninyamaze ninusuru ndoa, au niseme nimfunge mzee?

Niliyebanwa

Mdogo wangu, pole. Kumtaja mkwe kunauma hata pale haki inapodai atajwe, na machozi ya mkeo si ya kupuuzwa.

Lakini umeniuliza nichague kati ya ndoa na mzee. Domo umemweka wapi? Aliyebanwa ni yeye, wewe umekosa usingizi tu. Wala usijidanganye kwamba utanyamaza. Alhamisi utasimama na sare yako useme uongo, na njia ya mwongo ni fupi: mzee atashona wavu mwingine, na kuna siku afisa mwingine atayajua mafundo yale.

Hoja ya mzee ninaisikia. Mkifunga mazalia bila kuuliza watu watakula nini, mmetunga sheria ya walioshiba, na hilo wakubwa zako uwaambie pia. Ila njaa yake haikumpa ruhusa ya kuipeleka kwenye sufuria ya Domo. Na wale vifaranga aliowavua ndio samaki wakubwa anaowalilia.

Leo hii nenda kwa mzee, wewe na mkeo, ili mkeo naye asikie kwa masikio yake. Mweleze kwa adabu nani anabeba mzigo wake, umwombe ajipeleke kituoni kabla ya Alhamisi. Nenda naye bega kwa bega, kama mwana. Akishajipeleka, nenda kwa mkuu wako, jitoe kwenye kesi na useme sababu. Mzee akikataa, sema wewe. Mkeo huenda akarudi kwao. Sitakuficha hilo, na sijui kama atakuja tena. Mfuate, mbembeleze, lakini usimrudishe kwa kumwacha mtu asiye na kosa azame.

Na siku boti itakapoachiwa, usimtume mlinzi na ufunguo. Upeleke mwenyewe, mchana, gati likiwa limejaa watu, maana Domo alifungiwa boti yake watu wakitazama.