Mistari Miwili Myeupe

Kitengela, 13 Mei 2001

Muteti ndugu yangu, Kaluki wangu ndiye atapandisha bendera siku ya Madaraka huko Kajiado, mbele ya DC! Haya, sasa salamu. Habari za Magadi na joto lake? Sisi tuko wazima.

Na bendera yenyewe nimeshona mimi, kwa hii cherehani yangu, maana ile ya shule iliraruliwa na upepo wa hapa. Jirani yangu Mmaasai ameitazama ile ngao akasema, "Mama Kaluki, hii hata babu yangu angeenda nayo vitani."

Lakini mara ya kwanza nilishona nyeusi, nyekundu na kijani, basi. Ile mistari miwili myeupe nilidhani ni urembo tu, nikaiacha. Kaluki alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, nyeusi ni sisi watu, nyekundu ni damu, kijani ni shamba. Nyeupe ni amani. Sasa umeacha damu iguse shamba!"

Mtoto wa darasa la saba, na ananifundisha!

Nikafumua yote. Nikifumua nilikuwa nakufikiria wewe, na ile ploti ya baba, na vile nilikufukuza hapa mlangoni. Miaka mitatu sasa. Nilikosea, Muteti. Tugawane nusu kwa nusu, vile baba alisema.

Kaluki anataka mjomba wake asimame mbele kabisa. Njoo na mama watoto, njoo na watoto wote.

Mimi dada yako Nzula nitawangojea uwanjani Kajiado, Ijumaa, tarehe moja Juni.