Shemeji Amerudi Baharini

4 Machi

Kwako mdogo wangu,

Hujambo wewe? Mume wako fundi nyavu hajambo, na mtoto je? Mimi mzima, ila nanuka samaki mpaka paka wa mtaa mzima wananifuata. Simu yangu imezama kwenye ndoo ya dagaa, na yako unajua mwenyewe haijawahi kushika mtandao huko kwenu, kwa hiyo tumrudie dereva wa lori la barafu. Ameahidi kutubebea barua, akija na akirudi.

Sasa kaa chini. Shemeji yako anaondoka! Namsema huyuhuyu pomboo wangu, mume mliyeniozesha kwa utani wenu, eti kwa kuwa nimekaa naye nikimfunza kwenye bwawa hili la hoteli muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na mwanamume yeyote. Hoteli inalifukia bwawa, wanataka kujenga ukumbi. Walikuja watu wa maonyesho, wakataka kumchukua wamzungushe mji kwa mji kwenye tangi nyuma ya lori. Mwenzake wa kike walimchukua haohao, akafia njiani, ngozi imekauka na kupasuka. Nikamwambia meneja, safari hii mtanipakia na mimi. Akachoka na kelele zangu. Akasema, "Basi mtupeni baharini, bahari haina mwenyewe."

Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia mpaka meneja mwenyewe, na jasho lake. Jumamosi tunampeleka kwa boti mpaka bahari ya huko kwenu. Ni kweli alikamatwa akiwa mdogo, lakini nani anasahau kwao? Ukiona pezi la mgongoni limekatika ncha, ndiye huyo. Piga makofi juu ya maji, atakuja. Nisalimie.

Ni mimi dada yako.

21 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto ameota jino la pili na anauma kila mtu, akianzia kwa baba yake. Mimi na barafu yangu ni kama kawaida, vidole vimekufa ganzi mpaka nikishika kikombe cha chai siamini kama ni cha moto.

Dada, Shemeji kafika! Nilikuwa gatini napakia barafu kwenye mashua ya nahodha, nikaona pezi lile. Nikapiga makofi majini kama ulivyosema. Weee! Alikuja mbio, akainua kichwa, akaachama. Nilimpa dagaa mkono kwa mkono. Watu wakajaa, hata nahodha, mtu ambaye hacheki hata harusini kwake, alicheka. Nikawaonyesha wote namna ya kumwita. Sasa kila asubuhi yupo. Umepata mume mwenye adabu, anakuja kusalimia wakwe.

Swali moja tu. Amekonda. Nyuma ya kichwa pamebonyea. Na samaki wamejaa tele huku, kwa nini haendi kula?

Mdogo wako.

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo mama mtoto. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa.

Usimpe samaki tena. Hata mmoja. Najua utasema dada ana roho mbaya. Amekonda kwa sababu hajui kuwinda. Kwake yeye samaki ni kitu kinachotoka mkononi mwa mtu, tena kimeshakufa. Daktari wa wanyama alitaka tumweke kwanza kwenye uzio wa baharini, tumrushie samaki hai mpaka ajifunze. Meneja akasema ni Jumamosi au sahau. Nikaona Jumamosi ni afadhali kuliko lile lori la maonyesho. Furaha ilinipofusha.

Waambie watu waache makofi. Wampe kisogo. Njaa ikimbana ataenda kujitafutia.

Dada yako.

15 Aprili

Shikamoo dada,

Leo salamu ni fupi, dereva nimemwambia asizime injini.

Tumeacha kumpa, sasa anajichukulia. Anaingia kwenye nyavu, anang'oa samaki walionasa, anaacha matundu anayopita mbuzi na pembe zake. Mume wangu anashona kutwa, hata chakula anakula nyavu zikiwa mapajani. Watu wamerudi mikono mitupu wiki ya pili hii. Siwezi kuwalaumu, dada, wana watoto kama mimi. Nahodha amewakusanya watu wa mashua zote. Anasema huyu ni mwizi, na mwizi dawa yake inajulikana. Nililia mbele zao bila haya. Wakaniambia haya, shemeji ni wako, mfukuze wewe. Ukishindwa tutammaliza sisi.

Nifanyeje? Wewe ndiye unayemjua.

Mdogo wako.

16 Aprili

Mdogo wangu,

Pole sana, na mumeo mpe pole.

Mpige. Chukua upondo wa kusukumia mashua, kila akija mpige nao ubavuni, kwa nguvu zako zote. Ajue binadamu ni shari. Asimwamini mtu tena maisha yake yote, hata mimi. Usimguse machoni wala kwenye lile tundu la pumzi kichwani. Kwingine kote piga. Ukilia, lia, lakini usiache kupiga.

Dada yako.

22 Aprili

Shikamoo dada,

Nimempiga. Nilifumba macho nikashusha upondo, ukalia kama unapiga godoro lililolowa. Nikangoja akimbie. Hakukimbia. Alijilaza ubavu, pezi moja juu, akatulia tuli kama mgonjwa kitandani. Nikapiga tena. Akazidi kutulia. Halafu akaachama, akanitazama.

Dada, huyu ana nini? Kila siku ni hivyohivyo, na mimi mabega yameniisha. Ubavu wake umevimba, na bado anakuja. Jana nahodha alikuwa nyuma yangu anaangalia. Akasema, "Kumbe hata hasumbui." Sikuipenda sauti yake.

Mdogo wako.

24 Aprili

Mdogo wangu,

Acha kumpiga. Acha sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Ni mimi niliyemfundisha. Pomboo huwezi kumfunga kamba ukamdunga sindano, ataumia. Kwa hiyo bwawani tulimzoeza: kitu kikimuuma, ajilaze ubavu na atulie. Sindano ikitoka, anapewa samaki mkubwa. Miaka yote hiyo, mdogo wangu. Ukimpiga anadhani ni matibabu, anavumilia, anasubiri haki yake. Wala hakuchukii.

Nimeazima simu ya daktari nikawapigia wale watu wa maonyesho. Ndiyo, walewale wa lori. Nimewaomba waje wamchukue. Nimekula matapishi yangu, lakini bora awe hai kwenye tangi. Nitapanda naye nyuma, nimmwagie maji njia nzima. Tunafika Jumanne. Mpigie nahodha magoti ikibidi. Angoje mpaka Jumanne tu.

Dada yako.

28 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Waambie watu wa lori wasije, hakuna wa kubeba tena.

Nilimpigia nahodha magoti, dada, mbele ya watu wote, mume wangu kanishika bega. Akasema Jumanne ni yenu, nyavu zetu zinachanwa leo. Akachukua chusa, ule mkuki wake wenye kamba, akaenda mwisho wa gati, akapiga makofi juu ya maji. Shemeji akaja mbio.

Chusa ilimwingia ubavuni, upande uleule niliokuwa nampiga. Wanaume waliishika kamba kwa nguvu, wakijua atazama nayo. Hakuzama. Alijilaza ubavu, akatulia. Damu ikatapakaa mpaka kwenye ngazi za gati, na yeye kaachama, anamtazama nahodha. Mmoja akauliza, "Anangoja nini huyu?" Nahodha aliitupa kamba akaondoka, hakugeuka nyuma.

Mimi nilijua anangoja nini. Nilikimbia bandani, nikachukua samaki mkubwa kuliko wote waliokuwa kwenye barafu, wala sikuuliza ni wa nani. Nikateremka ngazi mpaka maji yakanifika kifuani, nikamwekea mdomoni.

Alimla, dada.

Mdogo wako.