Upande wa Kebo Uliokuwa Wako

Tata,

Jana nilirudi kutoka Gesima jioni, vidole vikiwa bado vinanuka risasi ya kulehemu, na nilikuwa na mengi ya kukusimulia. Nikafungua duka letu hapa Masimba, nikawasha kompyuta yangu, nikaandika kama tulivyozoea: "Umefika?" Nikakaa kidogo nikiangalia skrini. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na bado huwa nakumbuka nikiwa nimeshaandika. Basi nimechukua karatasi, maana karatasi mtu haingojei ijibu.

Barua hii naiacha wazi, kwa hiyo wanaoisoma itabidi wajue tulikuwa nani. Wewe ni baba wa mume wangu, fundi wa mizani. Mimi ni mke wa mwanao, niliyekuja kwenu na cheti cha elektroniki na mikono isiyojua kushika jembe vizuri. Mama, mkeo, alilalamika kuhusu jembe. Wewe uliuliza tu kama najua kulehemu. Nikasema najua. Ukasema, "Basi kuja duka. Macho yangu imeanza kukataa vitu vidogo."

Shida ilikuwa chinsoni, ile heshima ya mkwe na mkwe ambayo wengine siku hizi wanaicheka. Wewe hukuicheka. Hukuwahi kuingia nyumba ya mwanao, hatukupeana mikono, wala hatukuketi benchi moja hata kanisani palipojaa. Na kazi ya mizani ya kisasa inataka watu wawili wainame kwenye meza moja, mmoja kwenye mizani, mwingine kwenye kompyuta inayopokea kilo, vichwa vikigongana. Ukaita seremala akagawanya duka kwa mbao. Wewe na mizani upande mmoja, mimi na kompyuta upande wa pili, na katikati tundu la ukubwa wa ngumi la kupitishia kebo. Majirani walisema mzee amefungia mkamwana wake kwenye sanduku. Mimi sijawahi kupewa ofisi nzuri kama ile.

Unakumbuka kebo ya kwanza? Ulileta kompyuta kuukuu upande wako, ukataka kuiunganisha na yangu kwa zile poti za pini tisa, tuweze kuandikiana badala ya kupigiana kelele wateja wakisikia. Mimi nikalehemu ncha yangu, wewe ukalehemu yako, tukakaza skrubu, tukawasha. Kimya. Tukalinganisha kasi ya kutuma herufi, zote elfu tisa mia sita. Tukabadilisha plagi. Siku mbili nzima, na hakuna aliyezunguka mbao kwenda kuangalia kazi ya mwenzake, kwa sababu ya adabu. Nikakusikia ukisema, "Mama Kemunto, hii kitu imekataa kabisa."

"Tata, zile nyaya mbili uliziacha zimenyooka?"

"Niligeuza. Ya kusema iende kwa ya kusikia. Si ndiyo vile inatakiwa?"

"Mimi pia niligeuza."

Ukacheka mpaka ukakohoa. Kila mmoja alikuwa amegeuza upande wake ili asimsumbue mwenzake, na ukigeuza mara mbili umerudi palepale: mashine mbili zinasema kwa waya mmoja na hakuna inayosikia. Ukatoa sheria siku hiyohiyo. Kugeuza ni kazi yako. Mimi ncha yangu niache inyooke, niisukume kwenye tundu, wewe utamalizia. Miaka tisa hatukuivunja. Kila kebo iliyotoka dukani, kuanzia ya kituo cha maziwa kule Nyansiongo hadi ya maduka ya mahindi, ilipita kwenye lile tundu ikiwa nusu na ikakamilika kwako.

Tukaandikiana. Mambo madogo tu: umefika, nimefika, chai iko kwa chupa, huyu mteja ni muongo usimwambie nipo. Kwa mdomo hukuwa mtu wa maneno. Kwenye skrini uliniuliza kama mjukuu wako Kemunto amepona kikohozi, na kama mwanao ananipigia simu akiwa huko anakofundisha. Ijumaa ulikuwa unaandika mapema, "Funga, Sabato inaingia," nami nafunga nikitabasamu peke yangu. Sijui kama Mama alijua una maneno mengi namna hiyo.

Sasa nikwambie ya Gesima. Kebo ya mizani ya kituo cha majani chai ilioza kwa unyevu, pini zikaota kutu ya kijani, na karani wao, Nyaboke, akanipigia simu. Alisema wazi kwamba wakubwa wake wanauliza kama duka lina fundi tangu mzee aende. Nikishindwa, wataita watu wa Kisii mjini na kazi yote ya vituo itahamia huko. Nilielewa. Bila vituo duka halina maana, na mwanao ameshaanza kusema tuvunje mbao tupangishe kwa mtu wa nguo.

Nikatengeneza kebo mpya. Nilimaliza ncha yangu, nikazunguka mbao, nikaketi kwenye kiti chako kwa mara ya kwanza, nikalehemu na ile ya pili. Kiti chako ni kifupi, Tata. Hukuwahi kusema.

Kule Gesima wakulima walikuwa wamepanga vikapu toka saa tatu. Nikachomeka kebo, nikakaza skrubu zote mbili kama ulivyonifundisha, maana plagi isiyokazwa huachia mtu akipita tu. Nyaboke akaweka kikapu kwenye mizani. Kompyuta haikuonyesha chochote. Nikaangalia kasi, iko sawa pande zote. Nikaangalia kama kuna programu nyingine imeishikilia poti, hakuna. Nikachomoa kebo, nikatoa pini ya nywele kichwani, nikaunganisha waya wa kusema na wa kusikia pale kwenye poti ya kompyuta, nikaandika herufi moja. Ikarudi. Poti ni nzima. Nikaandika zingine, zikarudi zote, na kwa kweli nilibaki pale naandika zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu tangu uondoke hakuna kitu kilichokuwa kimenijibu kwenye skrini.

"Madam," Nyaboke akaniambia polepole, asisikiwe na wakulima, "majani inaanza kupata joto kwa vikapu. Saa nane ikifika nitapigia wale wengine. Si mimi, ni wakubwa."

Nikaishika kebo mkononi. Ncha yangu, imenyooka, sawa. Na ya pili? Ya pili nayo imenyooka. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti chako na kufanya kazi yangu mara mbili. Hakuna aliyegeuza, Tata. Kwa miaka tisa mikono yangu ilijua kwamba kuna mtu ng'ambo atakayegeuza, na haikuwa imepata habari. Nikaomba dakika ishirini, nikatoka nje ya kibanda kana kwamba natafuta kitu kwenye mkoba, nikalia. Wakulima waliniona. Mama mmoja alinisogezea ndoo yake niikalie.

Kisha nikarudi, nikakata ile ncha, nikageuza nyaya mbili, nikalehemu upya. Kilo kumi na nne nukta sita zikatokea kwenye skrini. Nyaboke akamwita mkulima wa kwanza kwa jina, na foleni ikaanza kusonga. Kazi imebaki kwetu. Nasema kwetu, sijui kwa nini.

Lakini kabla sijaondoka kulikuwa na jambo la mwisho, nalo ndilo linalonifanya niandike. Mizani ile uliifunga kwa neno la siri, ili mtu asije na laptopu yake akachomeka kwenye poti na kuharibu kilo za watu. Neno hilo ulinipa Ijumaa ile kabla hujapelekwa hospitali. Uliliandika kwenye skrini, ukaongeza: "Weka kwa kichwa. Usiandike mahali. Ukishika, futa." Nikashika, nikafuta, nikakujibu sawa Tata. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, na niliyafuta mwenyewe.

Silitaji hapa, ulinikataza. Nitasema tu kwamba lilikuwa jina, na lilikuwa langu mimi, jina ambalo katika miaka yote ile hukuwahi kuniita kwa mdomo. Nadhani heshima ilikuzuia, lakini mashine haikukuzuia. Kila nilipokwenda kukagua ile mizani tangu uondoke, iliniuliza neno, nikaliandika, ikanifungulia. Wakati mwingine nilikwenda bila sababu ya kwenda.

Jana Nyaboke aliniuliza kama neno la mzee limebadilishwa. Ni wewe uliyemfundisha kuuliza. Mtu akiondoka, ulisema, neno lake libadilishwe siku hiyohiyo, hata kama alikuwa mtu mzuri. Mimi nimechelewa miezi mitatu. Nikaliandika kwa mara ya mwisho, herufi moja moja, kisha jipya chini yake. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikakaa nayo, Nyaboke akatazama pembeni, kisha nikakubali.

Mbao haitavunjwa, nimemwambia mwanao. Kemunto anapenda kuketi kwenye kiti chako, kinamtosha.

Pumzika, Tata. Neno lako nimelishika. Nimefuta.

Mke wa mwanao,
Mama Kemunto