Mti Usioisha Majani

Kanazawa, Novemba

Dada Chizuru mpenzi,

Sisi hatujambo, ila kipara changu kimepanuka na mke wangu anatishia kukitumia kama kioo. Wewe huko Sapporo bila shaka bado unawagombeza majirani.

Ile sanaa yangu ya kompyuta uliyoicheka hatimaye imepata mshabiki: Mama. Nilifunga projekta kwenye dari ya chumba chake pale nyumba ya wazee, picha za majani mekundu ya mti wa momiji zikawa zinaanguka sakafuni. Alipoyaona tu akadai ufagio, kama enzi zile alipokuwa akifagia ua wa hekalu. Nikaongeza kamera ya kuufuata ufagio, majani yakawa yanaukimbia. Nilijiona fundi kweli kweli, mpaka aliponigeukia jasho likimtoka.

"We kijana, mti gani huu usioisha majani? Unataka kuniua?"

Kweli, sikuwa nimeyawekea mwisho. Nikarekebisha: sasa mti unabaki mtupu, kisha theluji inaanguka kimya kimya.

Jana aliitazama theluji hiyo, akaegemeza ufagio ukutani, akakaa. Siku hizi hanijui, na daktari anasema moyo wake umechoka, huenda asiuone mwaka mpya. Lakini jana alinivuta sikio kama zamani.

"Shuhei, kazi imekwisha. Kamwite dada yako, tule."

Basi, ndiyo nakuita hivi. Simu zetu hupokei tangu ulipogombana na Mama, ndiyo maana naandika. Njoo, Dada. Mama anasema tule.

Mdogo wako,
Shuhei